Asilimia Tatu Iliyobaki

Mwaka 2011 Ahmir Thompson, mpiga ngoma wa bendi ya The Roots ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Questlove, alisema kwamba albamu mpya ya D'Angelo, mwimbaji wa soul wa Marekani, imekamilika kwa asilimia 97. Mwanzoni mwa 2013 akasema imefika asilimia 99. Albamu ikatoka tarehe 15 Desemba 2014. Ukipiga hesabu utaona kwamba asilimia mbili zilichukua zaidi ya mwaka mmoja, na ile moja ya mwisho ikachukua karibu miaka miwili. Aliyewahi kujenga nyumba kwa mshahara wake hawezi kushangaa. Msingi, kuta na paa hupanda mbele ya macho ya majirani, kisha umaliziaji unakula miaka, na majirani hao hao huanza kuuliza kwa nini hamhamii.

Mimi nilikuwa mmoja wa majirani hao. Nilianza kuisubiri albamu hiyo mwaka 2001, nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, baada ya kuuziwa Kariakoo CD ya kuchoma ya albamu iliyotangulia, na nikaendelea kuisubiri hadi nikaajiriwa, nikaoa na kuanza kuota mvi. Mwenye kazi yake hayupo tena. D'Angelo, ambaye jina lake halisi ni Michael Eugene Archer, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste aliyezaliwa Richmond, Virginia, tarehe 11 Februari 1974, alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 2025 kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 51. Ameacha albamu tatu za studio: Brown Sugar ya 1995, Voodoo ya 2000 na Black Messiah ya 2014. Ya nne ilikuwa ikitengenezwa. Mwaka 2024 Raphael Saadiq, mshirika wake wa miaka mingi, alisema hadharani kwamba rafiki yake yuko kazini na nyimbo kadhaa zinaendelea. Kwa hiyo shabiki anayesubiri bado yupo, ila sasa anasubiri kitu ambacho fundi wake hawezi tena kusema kimekwisha. Hali hiyo imenilazimisha kuipima upya ile miaka 14 ya kwanza, na kujiuliza tulikuwa tunamdai nini mtu huyu, na kwa hati gani.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na kwa muda mrefu sisi mashabiki tulizungumza kama wadai. Tulisema ametukalia kimya, ametudharau, amekula sifa zake akalala. Ila nikimtafuta aliyeahidi, simwoni. D'Angelo katika miaka hiyo alikuwa haongei na waandishi wa habari karibu kabisa. Habari zilitoka kwa mameneja, kwa wapigaji wenzake, kwa watu waliopita studio wakasikia wimbo mmoja mlangoni wakaenda kusimulia. Zile asilimia za Questlove, kwa mapenzi yake yote, zilikuwa udhamini wa mtu aliyejitokeza bila kuombwa. Deni la kweli lilikuwa kwa kampuni ya kurekodi iliyomfadhili, na hilo ni suala la mikataba: alitoka Virgin, akaingia J Records, nayo J Records ikafungwa mwaka 2011 na wasanii wake wakahamishiwa RCA. Mimi sikumfadhili hata senti. CD niliyokuwa nayo, kama nilivyokwisha kukiri, ilikuwa ya kuchoma.

Hata hivyo, suala la nani alimwahidi nani halielezi kwa nini kazi ilichelewa, na hapo ndipo nadhani wengi wetu tuliteleza. Tuliuchukulia ucheleweshaji kama kizuizi kilichosimama kati yetu na muziki. Kwa sehemu kubwa ulikuwa ndiyo njia ya kuutengeneza muziki wenyewe, na ushahidi umo ndani ya Voodoo, katika mapigo yake, kwa yeyote atakayekaa kuyasikiliza.

Voodoo ilirekodiwa New York katika studio ya Electric Lady, ile aliyoijenga Jimi Hendrix na kufunguliwa mwaka 1970, muda mfupi kabla hajafa. D'Angelo na wenzake walihamia pale katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wakawa kama wapangaji. Usiku mmoja walitazama kanda za video za maonyesho ya zamani ya James Brown, Prince au Stevie Wonder. Usiku mwingine walipiga albamu nzima ya mtu mwingine kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kujifurahisha tu, kisha alfajiri kitu kipya kikazaliwa katikati ya mchezo huo na fundi mitambo Russell Elevado akawa tayari ameshawasha kanda. Kwenye ngoma alikaa Questlove, kwenye besi Pino Palladino kutoka Wales, kwenye tarumbeta Roy Hargrove, kwenye kinanda James Poyser na D'Angelo mwenyewe. Charlie Hunter aliletwa na gitaa lake la nyuzi nane, ambalo kwalo hupiga besi na gitaa kwa wakati mmoja, na anayemsikia bila kumwona hudhani ni watu wawili.

Mtu aliyewabadilisha wote hao alikuwa mtengenezaji midundo James Yancey wa Detroit, maarufu kama J Dilla. Mashine za kutengenezea midundo zina kipengele kinachoyasogeza mapigo yaliyopotoka hadi yakae sawasawa kwenye mstari. Dilla alikizima. Akaacha ngoma ya mguu itangulie kidogo hapa, ngoma ndogo ikawie kidogo pale, na matokeo yake yalikuwa mdundo unaoyumba kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani kwenye njia ya mteremko: unadhani itamwagika, haimwagiki. Questlove, ambaye sifa yake ilikuwa kupiga kwa unyoofu wa saa ya ukutani, ilimbidi ajifunze upya kupiga vibaya kwa makusudi, kwa sababu D'Angelo alitaka binadamu wapige kama ile mashine iliyokuwa inamwiga binadamu. Palladino akaiburuza besi nyuma zaidi ya ngoma. Sauti ya mwimbaji nayo, ikiwa imerekodiwa mara nyingi na kupangwa tabaka juu ya tabaka mpaka maneno yanakaribia kupotea, ikaja nyuma ya besi.

Nimeusikiliza mpangilio huo kwa miaka 24, na bado kila mara mwili wangu hutegemea pigo lianguke mahali fulani, lisianguke, kisha linaanguka nikiwa nimeshakata tamaa kidogo tu. Hicho kidogo ndicho utamu wenyewe. Mtu ambaye ustadi wake wote umejengwa juu ya kujua achelewe kiasi gani, pigo baada ya pigo, kwa dakika karibu 79, asingeweza kutengeneza albamu kwa ratiba ya ofisi ya mauzo. Najua hapa nakaribia kufanya mchezo wa maneno, kwamba aliyechelewa ndani ya kipimo ndiye aliyechelewa kwa miaka. Sidai kwamba jambo moja lilisababisha lingine. Nadai tu kwamba yote mawili yalitoka kwenye sikio moja, sikio lisilokubali kuambiwa kwamba sasa inatosha.

Ila kuna kuchelewa kulikotoka kwingine, na humo sisi mashabiki tuna mkono. Voodoo ilipotoka tarehe 25 Januari 2000 iliingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard 200, ikiwa imeuza nakala zipatazo 320,000 katika wiki ya kwanza. Haikuuzwa na mapigo yaliyoyumba. Iliuzwa na video ya wimbo Untitled, alioutunga na Saadiq, video iliyoongozwa na Paul Hunter pamoja na Dominique Trenier, meneja wake. Ndani yake hakuna hadithi wala wachezaji. Kuna mwanamume mmoja, kifua wazi, kamera ikimzunguka polepole kutoka kwenye nywele zilizosukwa hadi chini ya kitovu. Ilichezwa kwenye runinga mpaka ikawa ndiyo yeye. Alipoingia kwenye ziara mwaka huo huo na bendi ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa bendi bora za soul zilizowahi kupanda jukwaani, watu walipiga kelele wakimtaka avue shati. Wapigaji waliofuatana naye wamesimulia jinsi jambo hilo lilivyomvunja, usiku baada ya usiku, hadi maonyesho mengine yakachelewa kuanza kwa sababu alikuwa haupendi tena mwili aliouona kwenye kioo.

Mimi sikuwepo kwenye ukumbi wowote kati ya hizo. Lakini CD yangu ya Kariakoo ilikuwa na jalada la fotokopi ambalo wino wake ulikuwa umefifia mpaka hukuweza kusoma majina ya nyimbo, ila kifua kilionekana vizuri. Nilimnunua kwa kifua hicho, kwa sababu nilikuwa nimeiona video. Muziki niliusikia baadaye. Tuliokuja kulalamika kwamba ametoroka tulikuwa hatujajiuliza alikuwa anamtoroka nani.

Miaka iliyofuata naipitia haraka, kwa kuwa imeandikwa mno na kwa tamaa ya kumwona mtu akianguka. Mwaka 2001 alimpoteza rafiki wa karibu. Pombe na dawa za kulevya zilishika nafasi. Januari 2005 alikamatwa na picha yake ya polisi ikasambaa duniani kote, na Septemba mwaka huo huo akapata ajali mbaya ya gari Virginia. Februari 2006 J Dilla alifariki akiwa na umri wa miaka 32. Hayo yote hayawezi kuitwa usanii, na shabiki anayeigeuza miaka ile kuwa hekaya ya gwiji anayetafakari pangoni anamdanganya msomaji. Sehemu ya asilimia zilizokuwa hazikamiliki ilikuwa ni mgonjwa anayejaribu kupona.

Mwaka 2007 lilitokea jambo dogo ambalo kwangu linafundisha kuliko ajali. Questlove, akiwa Australia, aliupiga kwenye redio ya Triple J wimbo mmoja ambao haujakamilika, Really Love. Wimbo ukavuja, ukaingia mitandaoni, nasi tukaudaka kama watu wa jangwani. Niliupakua kwenye mkahawa wa intaneti uliokuwa unatoza kwa nusu saa, nikaulipia saa nzima, nikarudi nyumbani nao kwenye flashi kama mwizi. D'Angelo alikasirika, na uhusiano wa marafiki hao wawili ukapoa kwa muda mrefu. Wakati ule nilimwona mkaidi. Wimbo tunao, mzuri, tatizo liko wapi? Toleo rasmi lilitoka miaka saba baadaye, likifunguliwa na violini zilizopangwa na Brent Fischer na sauti ya mwanamke, Gina Figueroa, akinong'ona kwa Kihispania, kisha gitaa likaingia kama mtu anayevua viatu mlangoni ili asiamshe watoto. Mwaka 2016 ukapata Grammy ya wimbo bora wa R&B, na albamu yake ikapata ya albamu bora ya R&B. Sijawahi kurudi kwenye lile faili la 2007. Nilipolikuta kwenye kompyuta ya zamani nililifuta, na nakumbuka sikusita.

Kurudi kwake jukwaani kulianzia mbali na kwao, Stockholm, Januari 2012, na baadaye mwaka huo akapanda jukwaa la tuzo za BET. Ndipo asilimia zikashamiri. Kila mwezi ulikuwa mwezi wa albamu. Hapa kwetu, ambako mwanamuziki wa bongo fleva akipita miezi sita bila kutoa wimbo huambiwa amefulia, niliacha kuwaeleza watu ninachosubiri. Kaka mmoja aliyekuwa na duka la CD aliniambia kwa huruma ya kweli kwamba huyo jamaa ameshaacha muziki, na kwamba angenitafutia mwingine anayefanana naye.

Kisha albamu ikatoka katika muda wa wiki chache, na kilichoitoa hakikuwa sisi. Mpango ulikuwa itoke mwaka 2015. Tarehe 24 Novemba 2014 ikatangazwa kwamba polisi aliyempiga risasi na kumuua kijana Michael Brown huko Ferguson, Missouri, hatashtakiwa. Tarehe 3 Desemba ukatolewa uamuzi kama huo juu ya kifo cha Eric Garner wa New York, aliyekufa akisema hawezi kupumua. Watu walijaa barabarani. Kwa maelezo ya wasimamizi wake, D'Angelo alitaka kusema kitu, na njia pekee ya kusema aliyokuwa nayo ilikuwa ile albamu. Mtu aliyeshindwa kumalizia asilimia moja kwa karibu miaka miwili akaimaliza katika muda usiofika mwezi. Kwenye kijitabu cha albamu aliandika kwamba jina Black Messiah halimhusu yeye, bali linawahusu watu wote, na akawataja waliosimama Ferguson na Misri na kwenye vuguvugu la Occupy Wall Street. Wimbo The Charade unawazungumzia watu walioomba nafasi ya kusema wakaambulia kuchorewa chaki chini.

Nadhani hilo ndilo jibu la swali la deni. Kama kweli tungekuwa tunamdai, shinikizo la miaka 14 lingetosha. Halikumgusa. Aliona mwenyewe ni wapi kazi yake inahitajika, na akakubali, kwa mara moja, kuiacha iende.

Ilikuwa Jumatatu. Usiku wa manane wa New York ni saa mbili asubuhi kwetu, na nilikuwa kwenye daladala nikielekea kazini ujumbe ulipoingia kwenye simu. Nilishuka kituo ambacho hakikuwa changu nikanunua vocha, nikajiunga bando, nikasimama chini ya mwembe kama mtu anayepokea habari za msiba. Ofisini nilichelewa kwa saa moja na nusu na nikatoa sababu ambayo sitaiandika hapa.

Albamu yenyewe iliingia namba tano kwenye chati, ikiwa na nakala zipatazo 117,000 za wiki ya kwanza, karibu theluthi moja ya zile za Voodoo. Kijitabu chake kinatangaza kwa fahari kwamba kila kitu kilirekodiwa na kuchanganywa kwa kanda na mitambo ya zamani, bila programu za kompyuta za kurekebisha sauti. Jambo hilo wengine huliona kama majivuno. Mimi naliona kama maelezo ya muda: ukiwa na kanda, kosa halifutwi kwa kubofya kitufe, unarudia kupiga, au unakaa na kosa mpaka ujue kama ni kosa kweli.

Kuna hoja inayonipinga, nami naiheshimu. Stevie Wonder alitoa Music of My Mind na Talking Book mwaka 1972, Innervisions mwaka 1973, Fulfillingness' First Finale mwaka 1974 na Songs in the Key of Life mwaka 1976. Albamu tano katika miaka mitano, akipiga vyombo vingi mwenyewe, na hakuna hata moja ninayoweza kuiita ya haraka. Prince, ambaye D'Angelo alimwabudu, alikuwa na mazoea ya kutoa albamu karibu kila mwaka na kuacha nyingine zikijaa kwenye chumba chake cha kuhifadhia kanda. Kwa hiyo mwendo wa polepole si cheti cha ubora, na mtu asinisome kana kwamba ninasifu ulegevu. Ninachosema ni chembamba zaidi: kwamba kwa fundi huyu mmoja, kwa aina hii moja ya kazi, muda ulikuwa sehemu ya vifaa. Na hata Stevie Wonder, aliposogeza mbele Songs in the Key of Life mara kadhaa, watu wake walivaa fulana zilizoandikwa kwamba tunakaribia kumaliza. Asilimia, kumbe, ni ugonjwa wa zamani.

Kusubiri kwa pili, kulikoanza 2015, kulikuwa tofauti kabisa. Sikuuliza. Nilipata wimbo mmoja alioutoa kwa ajili ya mchezo wa video wa Red Dead Redemption 2, nikamwona Februari 2021 kwenye jukwaa la Apollo, Harlem, ukumbi uleule aliowahi kushinda shindano la vipaji akiwa kijana, nikasikia wimbo aliofanya na Jay-Z kwa filamu ya mwaka 2024. Ilinitosha kujua kwamba yupo. Katikati ya 2025 alijiondoa kwenye tamasha la Roots Picnic kwa sababu za kiafya baada ya upasuaji, na Machi mwaka huo Angie Stone, mwimbaji aliyeandika naye nyimbo na kuzaa naye, alikuwa amefariki kwa ajali ya barabarani Alabama. Tarehe 14 Oktoba kwetu ni Siku ya Nyerere, siku ya mapumziko. Nilikuwa nyumbani na familia, jioni, redio ikirudia hotuba za Mwalimu, habari iliponifikia.

Sasa imebaki ile kazi ya nne, na mjadala wa kama itolewe. Historia haina jibu moja. Mwimbaji wa soul Otis Redding alirekodi (Sittin' On) The Dock of the Bay na siku chache baadaye, tarehe 10 Desemba 1967, akafa kwenye ajali ya ndege. Steve Cropper, aliyeutunga naye, akaumalizia akiwa na huzuni mbichi, akaongeza milio ya mawimbi na ndege wa baharini, na wimbo ukatoka Januari 1968 ukawa mkubwa kuliko yote aliyowahi kuimba. J Dilla aliacha albamu ya The Shining ikiwa imefika takriban robo tatu, akamwachia mpiga ngoma Karriem Riggins kuimaliza, na Riggins akaimaliza kwa adabu. Upande wa pili yuko David Joseph, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya muziki ya Universal nchini Uingereza, aliyesema mwaka 2015 kwamba aliziharibu rekodi za majaribio za albamu ya tatu ya marehemu Amy Winehouse ili asije mtu mwingine akazifanyia biashara.

Mifano hiyo haimfai D'Angelo sawasawa. Cropper alikuwa na wimbo uliokwisha kuimbwa, na Riggins alikuwa na agizo kutoka kwa mgonjwa. Kwa D'Angelo, asilimia tatu ya mwisho ndiyo iliyokuwa yeye. Kuta angeweza kuzijenga mtu mwingine mwenye sikio zuri, na Saadiq na Questlove wana masikio mazuri kuliko watu wengi walio hai. Lakini kujua kwamba ngoma hii isogezwe nyuma kwa kiasi hiki na si kile, kwamba sauti hii ya sita izimwe na ya saba ibaki, kwamba wimbo huu wote utupwe, hilo halikuandikwa kwenye kanda. Kwa hiyo maoni yangu, ambayo warithi wake hawajayaomba, ni kwamba zikitolewa nyimbo hizo zitolewe jinsi zilivyoachwa, zikiwa na mapengo yake, bila violini za kuongezea wala mgeni wa kuimba ubeti uliokosekana, na jalada liseme wazi kwamba kazi haikuisha. Na wasiharakishe. Wakae nazo miaka mitano au kumi, mpaka hamu ya soko ipoe na mtu mwenye uchungu aweze kusikiliza kama fundi.

Mpwa wangu, ambaye alizaliwa mwaka uleule Really Love ulipovuja na sasa anamsikiliza D'Angelo kwa simu yake bila kujua kuna mtu aliwahi kusubiri, aliniuliza juzi, "Mjomba, siku zikitoka utazisikiliza?" Nikamjibu kwamba nitazisikiliza usiku huohuo, hata zikitoka kesho, hata kama wameziharibu. Akacheka, akaniambia kwamba jibu hilo halipatani na yote niliyokuwa nikimwelezea tangu tumalize kula. Nilifikiri kidogo nikakubali kwamba halipatani, tukarudi kuisikiliza Voodoo kuanzia mwanzo.